Poti ya USB: kulala, kuzimwa na kukatiwa umeme

Ndugu waandishi wa draiva, nanyi mnaotengeneza bodi zinazoendesha Linux, hamjambo.

Kuna swali ambalo kila mtu wa USB amekwisha kuulizwa. Kompyuta imezimwa, skrini nyeusi, feni kimya, lakini taa ya chini ya kipanya ingali inawaka. Kwa nini? Kwa sababu hakuna aliyeiambia poti ikate umeme. Kuna kifaa kulala, kuna kompyuta kuzimwa, na kuna poti kukatiwa umeme. Hayo ni matukio matatu, na ndani ya kerneli, kiini cha Linux, kila moja lina njia yake, lina mwitaji wake, na lina namna yake ya kuharibika. Draiva inayoyachanganya hufanya kazi vizuri mezani kwa mwandishi, kisha ikaanguka kwenye mashine ya mtu mwingine.

Tuanze na waya wenyewe. Kebo ya USB 2.0 ina nyaya nne: mbili za data, moja ya ardhi, na moja, VBUS, inayobeba volti 5. Kifaa kilichokwisha kusanidiwa kinaweza kuvuta hadi miliampia 500 kwenye USB 2.0, na hadi 900 kwenye USB 3.0. Kabla ya kusanidiwa, mipaka ni 100 na 150.

Kulaza kifaa hakuigusi VBUS hata kidogo. Kwenye USB 2.0, habu, yaani kifaa chenye poti ambamo vingine huchomekwa, huacha tu kupeleka chochote kwenye poti ile. Kifaa kikisikia kimya cha milisekunde 3, kinajua kimelazwa, na kinatakiwa kishushe matumizi yake hadi miliampia 2.5. Volti 5 ipo palepale. Kumbukumbu yake ipo, anwani kiliyopewa ipo. Ndiyo maana kuamka ni kwepesi: kiwango kinataka ishara ya kuamsha idumu walau milisekunde 20, Linux huipa 40 kwa sababu vipo vifaa vizito wa kusikia, kisha kifaa hupewa milisekunde 10 za kujiweka sawa, na kazi inaendelea pale ilipokomea.

Kukata umeme ni amri nyingine. Kulaza ni `SetPortFeature` yenye `PORT_SUSPEND`, namba 2. Kukata ni `ClearPortFeature` yenye `PORT_POWER`, namba 8. Baada ya amri hii ya pili hakuna kumbukumbu wala anwani tena. Kifaa kitakaporudi kitakuwa kama kimechomekwa sasa hivi: lazima kingojewe umeme utulie, lazima kifanyiwe riseti, lazima kipewe anwani upya. Muda wa kungoja umeme umeandikwa ndani ya habu yenyewe, kwenye `bPwrOn2PwrGood`, na namba ile huhesabiwa kwa vipande vya milisekunde 2. Kwa habu za nje Linux haiiamini namba ndogo. Hata habu ikisema milisekunde 20, kerneli itangoja 100.

Sasa, je, habu inayo swichi ya kukata? Angalieni biti mbili za chini za `wHubCharacteristics`, ambazo `lsusb -v` huzisoma na kuzieleza. 00 maana yake poti zote ziko chini ya swichi moja. 01 maana yake kila poti ina swichi yake. 10 na 11 maana yake hakuna swichi. Hapa pana uongo mwingi, na nataka tuuelewe unakotoka. Chipu ya habu inaweza kuendesha swichi nne, ikatoa pini nne za kuziamuru. Mtengenezaji wa boksi, kwa kubana gharama, haweki swichi hizo kwenye bodi, anaunga VBUS moja kwa moja kwenye chanzo. Lakini maelezo yaliyomo ndani ya chipu hayabadilishi. Ukituma amri, habu inajibu sawa. Ukisoma hali ya poti, biti ya umeme iko 0. Data inakatika, kerneli inaandika kwamba kifaa kimechomolewa. Ukiweka mita kwenye VBUS, unasoma volti 5. Programu yote imeamini, waya haukusikia. Kwa hiyo kabla hujaripoti kwamba kerneli haikati umeme, chukua mita ya USB ya bei ndogo, iweke kati ya poti na kifaa, usome.

Na kuna kinyume chake: habu yenye adapta yake ya ukutani, iliyotengenezwa ovyo, inarudisha volti 5 kuelekea kwenye kompyuta kupitia kebo ya juu. Hapo hata ukate nini, taa za kompyuta iliyozimwa zitaendelea kumemeta. Chomoa kebo inayotoka kwenye habu kwenda kwenye kompyuta. Taa zikifa, umempata mkosaji, na si draiva.

Tuingie kwenye kulala, kwa sababu ndipo draiva nyingi zinapovunjikia.

`struct usb_driver` ina sehemu tatu zinazotuhusu: `suspend`, `resume` na `reset_resume`. Ya kwanza inaitwa katika hali mbili zisizofanana. Hali moja ni kifaa kujilaza chenyewe huku mashine iko kazini, baada ya kukaa bila kazi, kwa kawaida sekunde 2. Hali ya pili ni mtu kafunga kifuniko cha laptopu na mfumo mzima unalala. Katika hali ya kwanza draiva ina haki ya kukataa: inarudisha `-EBUSY`, kerneli inaheshimu. Katika hali ya pili kukataa hakusaidii chochote; kerneli inalipuuza kosa lako na inaendelea kulaza. Anayerudisha kosa akidhani ameuzuia mfumo usilale, amejidanganya, na zaidi ya hapo ameziacha URB zake, yaani maombi ya kupeleka data ya USB, zikielea.

Someni nami mfano huu mfupi wa draiva ya kifaa cha kupimia:

```c
static int kipimo_suspend(struct usb_interface *intf, pm_message_t msg)
{
	struct kipimo *k = usb_get_intfdata(intf);

	spin_lock_irq(&k->kufuli);
	if (PMSG_IS_AUTO(msg) && k->zinazosubiri) {
		spin_unlock_irq(&k->kufuli);
		return -EBUSY;
	}
	k->imelala = true;
	spin_unlock_irq(&k->kufuli);

	cancel_work_sync(&k->kazi);
	usb_kill_anchored_urbs(&k->zilizotumwa);
	return 0;
}
```

Mpangilio wa mistari hii si wa kupendeza macho. Bendera `imelala` inainuliwa kwanza, ndani ya kufuli, kwa sababu kazi ya nyuma inaweza kutuma URB mpya, na URB inapokamilika inaweza kuitisha ile kazi ya nyuma tena. Ukiua URB bila bendera, kazi itazifufua. Ukifuta kazi bila bendera, URB itaiita upya. Pande zote mbili lazima ziitazame bendera, chini ya kufuli lilelile, kabla ya kutuma au kuitisha chochote. Na kama kuna URB itakayoponyoka, kerneli itaikataa kwa `-EHOSTUNREACH`, kosa ambalo mkiliona kwenye kumbukumbu za mfumo mjue draiva imetuma kwa kifaa kilicholala.

Mtego mbaya zaidi uko kwenye `cancel_work_sync`. Tuseme ile kazi ya nyuma inaanza kwa `usb_autopm_get_interface`, ili kuhakikisha kifaa kiko macho. Kifaa kiko katikati ya kulazwa. Kazi inangoja kulazwa kuishe ndipo iamshe. Kulazwa, kupitia `cancel_work_sync`, kunangoja kazi iishe. Kila mmoja kamshika mwenzake, na mashine inaganda na kifuniko kimefungwa, betri ikiisha ndani ya mkoba. Dawa ni kuchukua haki ya kuamsha mahali kazi inapoagizwa, kwa `usb_autopm_get_interface_async`, na kuirudisha kazi inapoisha. Njia hiyo kifaa hakitaanza kujilaza huku kazi imo foleni. Mfumo mzima unapolala, kazi inakuta kifaa bado ki macho na haina cha kungoja.

Upande wa kuamka kuna `resume` na `reset_resume`, na wengi huandika ya kwanza tu. `resume` huitwa kama VBUS haikukatika. `reset_resume` huitwa kama ilikatika, au kidhibiti cha USB cha kompyuta kilipoteza hali yake, na kifaa kimefanyiwa riseti. Katika usingizi mzito wa S3 (mashine imelala, kumbukumbu yake ingali hai), ama umeme wa poti unabaki au haubaki. Inategemea bodi, inategemea mpangilio wa fimwea, yaani programu iliyomo ndani ya vifaa vyenyewe, na kwenye laptopu nyingine inategemea kama imechomekwa chaji. Katika kulala kwa kuandikwa diskini, chukulieni kwamba umekatika. Draiva isiyo na `reset_resume` itaondolewa kwenye kifaa na kufungwa upya, maana yake kila mtumiaji aliyekuwa amekifungua kifaa anapata kosa. Kama kifaa chako kinahitaji kupakiwa fimwea au kuwekewa viwango baada ya umeme kurudi, hapo ndipo mahali pake. Na ndani ya `resume` na `reset_resume`, ukiomba kumbukumbu tumia `GFP_NOIO`. Ukitumia `GFP_KERNEL`, kerneli inaweza kuamua kupata nafasi kwa kuandika kurasa diskini, na diski yenyewe inaweza kuwa ya USB, imelala, inakungoja wewe.

Baada ya riseti kerneli hulinganisha maelezo ya kifaa na yale ya zamani, pamoja na namba yake ya pekee. Yakifanana, kifaa ni kilekile. Huo ndio uwezo unaowakilishwa na faili `power/persist`, na kwa vifaa visivyo habu unaweza kuuzima. Una kasoro moja inayojulikana: mtu akibadilisha kadi ndani ya kisoma kadi wakati kompyuta imelala, kisoma kadi ni kilekile, maelezo ni yaleyale, lakini data ni nyingine. Mfumo wa faili wa kadi ya kwanza utaandikwa juu ya kadi ya pili. Waambieni watumiaji wenu waziwazi: usibadilishe kadi mashine ikiwa imelala.

Sasa kukata umeme wa poti wakati mashine ikiwa kazini. Kerneli inaweza, lakini haifanyi mpaka iombwe. Kila poti ina faili `power/pm_qos_no_power_off`, nayo huanza na 1, yaani usikate. Ukitaka kuruhusu poti ya kifaa kiitwacho, tuseme, `2-1`:

```
cd /sys/bus/usb/devices/2-1
echo 1 > power/persist
echo disabled > power/wakeup
echo auto > power/control
echo 0 > port/power/pm_qos_no_power_off
echo 0 > port/peer/power/pm_qos_no_power_off
```

Kwa nini mistari yote hii? Kwa sababu kerneli itakata tu kama kifaa kimelala, hakikupewa kazi ya kuamsha kompyuta, na `persist` imewashwa. Kibodi iliyokatiwa umeme haiwezi kuamsha mtu. Kwa hiyo kifaa chenye kazi ya kuamsha hakikatiwi. Na kama `persist` imezimwa, kukata ni sawa na kuchomoa.

Mstari wa mwisho, wa `peer`, unataka maelezo. Tundu moja la bluu la USB 3.0 kwa macho ya kerneli ni poti mbili: moja ya kasi ya zamani, moja ya kasi kubwa, kila moja ikiwa chini ya habu yake. Ukikata ya kasi kubwa peke yake, kifaa hakikati tamaa. Kinahamia kwenye nyaya za zamani na kujitokeza upya kama kifaa cha USB 2.0. Kerneli inaona kifaa kigeni kimezaliwa, na kile cha kwanza kimelala. Ndiyo maana mpangilio ni mkali: wakati wa kukata, poti ya zamani hutangulia, ndipo ya kasi kubwa ifuate, wakati wa kurudisha, ya kasi kubwa hutangulia. Na VBUS yenyewe haishuki mpaka zote mbili zimekatwa. Anayezima moja na kushangaa mita ikisoma volti 5 amesahau pacha.

Kurudi nako kuna hatari yake. Baada ya umeme kurudi, poti na kifaa vinaweza kupishana katika kupatana kwa kasi kubwa, kila upande ukianza upya mwenzake anapokaribia kukubali. Kerneli inangoja muunganisho utulie milisekunde 100 mfululizo, ndani ya kikomo cha sekunde 2. Ukipita, poti inawekewa alama ya kufanyiwa riseti ya joto, yaani riseti ya muunganisho wa kasi kubwa.

Kwa anayetaka tu kuikata poti kwa mkono, tangu mwaka 2022 kuna faili `disable` chini ya kila poti. Ukiandika 1, kifaa kinaondolewa na VBUS inakatwa, mradi swichi ipo. Ukikata ili kukifufua kifaa kilichoganda, usirudishe papo hapo. Kiwango kinataka VBUS upande wa habu iwe na kapasita ya walau mikrofaradi 120, na kifaa nacho kina yake. Chaji hiyo haiondoki kwa kufumba na kufumbua, hasa kifaa kikiwa hakivuti mkondo. Programu ya `uhubctl` hungoja sekunde 2 kati ya kuzima na kuwasha. Kwa modemu zenye kapasita kubwa nawashauri mngoje 5 au zaidi.

Nimefika kwenye kuzima.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kuzima ni kulala kwa mwisho. Siyo. Mtu anapoamuru kuzima, kerneli huita `device_shutdown()`, ambayo hupita kwenye orodha ya vifaa kutoka nyuma kwenda mbele, watoto kabla ya wazazi, na kuita `shutdown` ya kila kimoja. `suspend` haiitwi. Draiva ya diski inapeleka amri ya kumwaga akiba kabla kidhibiti cha USB hakijasimamishwa, na hilo ni jema. Lakini draiva ya kawaida ya USB, kwa miaka mingi, haikuwa na mahali pa kuitwa wakati huo. Sehemu ya `shutdown` ndani ya `struct usb_driver` ni ya juzi, na draiva nyingi haziijazi. Kwenye kerneli za zamani waliohitaji walitumia `register_reboot_notifier`. Kama kifaa chako kinaendesha mota au hita, usiiache nafasi hiyo wazi, kwa sababu VBUS huenda isikatike na kifaa kitaendelea na amri ya mwisho kiliyopewa.

Kazi ya lazima wakati wa kuzima ni ya kidhibiti, nayo ni kusimamisha DMA, yaani kidhibiti kusoma na kuandika kumbukumbu ya kompyuta moja kwa moja. `xhci_shutdown`, ya draiva ya xHCI inayoendesha vidhibiti vya USB 3.0, huanza kwa kuacha kuiuliza-uliza hali yake habu ya mzizi, yaani poti za kidhibiti chenyewe, kisha `xhci_halt`. Hili ni muhimu kuliko umeme wote, kwa sababu njia hii hii hutumika katika kexec, ambapo kerneli mpya inapakiwa bila mashine kuzimwa. Kidhibiti kisichosimamishwa kitaendelea kuandika kwenye kumbukumbu ambayo sasa ni mali ya kerneli nyingine.

Je, kikishasimama, tukate na umeme wa poti? Draiva ya EHCI, ya USB 2.0, inakata: inazipitia poti zote na kuzizima moja moja, kisha inaandika 0 kwenye rejista ya `configured_flag` ili fimwea ikiamka ikute vidhibiti wenza vya zamani. Kwa xHCI jambo hili lilijaribiwa mwaka 2022, na yaliyotokea yanafaa kusomwa na kila mmoja wetu.

Tatizo lilikuwa la kweli. Kwenye mashine za Alder Lake P, kifaa chenye umeme wake chenyewe, kilichokuwa kimejilaza kabla ya kuzima, kilibaki katika hali ya U3, ya kulala, hata mashine ilipoingia S5, yaani ilipozimwa. Kumbukeni, kuzima hakukiamshi. Mashine ilipowashwa, fimwea iliikuta poti katika hali isiyoitarajia, ikatuma amri ya kuiweka katika hali ya kutounganishwa, amri ikangoja hadi muda wake ukaisha. Mtumiaji aliona kuwaka kwa kusuasua. Juni 2022 Mathias Nyman, mtunzaji wa draiva ya xHCI, aliweka badiliko: wakati wa kuzima, kata umeme wa poti zote. Ilikuwa na mantiki, na maelezo rasmi ya xHCI, kifungu cha 4.19.4, yanapendekeza hivyo.

Agosti mwaka huohuo badiliko likaondolewa. Kulikuwa na laptopu iliyoshindwa kuzimika sawasawa, na vifaa fulani vya USB vilivyoshindwa kutambuliwa mashine ilipowashwa upya bila kuzimwa kwanza. Oktoba likaja badiliko la tatu, jembamba zaidi: alama `XHCI_RESET_TO_DEFAULT`, kwa vidhibiti vile tu vinavyougua. Badala ya kukata VBUS, kidhibiti kinafanyiwa riseti baada ya kusimamishwa, kwa kikomo cha milisekunde 250, na poti zinarudi kwenye hali ya mwanzo. Fimwea ikiamka inakuta meza safi.

Tazameni tofauti ilipo. Badiliko la kwanza liliuliza: poti inafaa kuwa na umeme au la? La tatu liliuliza: anayepokea mashine baada yetu anatarajia kuikuta vipi? Swali la pili ndilo sahihi. Baada ya `shutdown` kerneli haipo tena. Mwenye poti sasa ni fimwea, au kidhibiti kidogo cha ubao, au kerneli ijayo, na kila mmoja ana mazoea yake. Laptopu yenye poti ya kuchajia simu wakati imezimwa ina VBUS iliyo mikononi mwa kidhibiti cha ubao. Ukiipigania kutoka kwenye draiva unabishana na mtu ambaye hata hakusikii, na mpangilio wake uko kwenye menyu ya BIOS. Mashine za Haswell nazo zilikuwa na ugonjwa wao: zikizimwa, zinajiwasha. Dawa yake, `XHCI_SPURIOUS_WAKEUP`, ni riseti hiyohiyo pamoja na kukiteremsha kidhibiti hadi D3hot, hali ya umeme mdogo. Hakuna dawa moja hapa.

Jambo dogo la kiufundi kwa atakayejaribu tena kukata poti za xHCI. Kuandika 0 kwenye biti ya 9 ya `PORTSC`, rejista ya poti, ni rahisi, unaweza kufanya hivyo ukiwa umeshika kufuli ya kidhibiti. Lakini kwenye PC swichi yenyewe mara nyingi iko nyuma ya ACPI, njia ya kerneli kuzungumza na fimwea, na njia za ACPI zinaweza kusinzia, yaani kungoja, jambo lisiloruhusiwa ukiwa umeshika kufuli. Kwa hiyo `xhci_set_port_power` huachia kufuli katikati, huita ACPI, kisha hulishika tena. Chochote ulichokisoma kabla ya hapo kimekwisha kuchakaa. Kisome upya.

Kwenu wa bodi ndogo nina maneno machache. Habu iliyouzwa juu ya bodi na kulishwa na regulata yake haitakatwa na amri za USB. Inahitaji kuelezwa kwenye devicetree, faili linaloieleza kerneli vifaa vya bodi, na draiva ya habu za ubaoni ndiyo inayozima regulata mfumo unapolala. Haitaizima kama chini ya habu kuna kifaa kilichoruhusiwa kuamsha. Ukitaka umeme ubaki daima, andika 1 kwenye `always_powered_in_suspend`. Na msiwaahidi wateja kukata poti moja moja kabla ya kuangalia mchoro wa bodi. Raspberry Pi 4B, kwa mfano, ina poti nne zinazowaka na kuzimika pamoja.

Nimalizie kwa namna ya kupima, maana draiva isiyopimwa hivi haijapimwa.

Washa maelezo ya ndani kwanza: `echo 'module usbcore +p' > /sys/kernel/debug/dynamic_debug/control`, na ufanye hivyohivyo kwa `xhci_hcd`. Kisha usilaze mashine bado. Andika `devices` kwenye `/sys/power/pm_test`, halafu `mem` kwenye `/sys/power/state`. Kerneli italaza vifaa vyote, ingoje sekunde 5, iviamshe, bila kuigusa fimwea. Draiva ikianguka hapa, kosa ni lako na kumbukumbu zote za mfumo ziko hai za kukuonyesha. Ikipita, rudisha `none` na ulaze kwa kweli: kwanza `s2idle`, kisha `deep`, kisha diskini, kila njia mara ishirini, kifaa kikiwa kinafanya kazi na kikiwa kimejilaza. Mashine ikiamka papo hapo bila kuguswa, soma `/sys/power/pm_wakeup_irq`, kisha zima `power/wakeup` ya kifaa kimoja baada ya kingine mpaka umpate anayeamsha.

Kwa kuzima, mizunguko ni miwili na haifanani. Kuzima kabisa, kungoja sekunde 30, kuwasha. Halafu kuwasha upya moja kwa moja, ambako VBUS huenda isishuke kabisa. Fanya yote mawili na kifaa kinachotegemea VBUS, kisha na chenye adapta yake chenyewe, na hakikisha angalau mara moja kifaa kile kimejilaza kabla hujazima. Ndicho kilichowakamata watu mwaka 2022. Mita ibaki kwenye waya muda wote, na usomaji wake uandike ndani ya maelezo ya badiliko lako pamoja na jina la chipu na toleo la fimwea, ili atakayelazimika kuliondoa miezi miwili baadaye ajue ulipima wapi na hukupima wapi.

Maswali, karibuni.